Mkono wa Kushoto Juu

Mashine ilikwama, na aliyeikwamisha hakuwa na haya hata chembe.

Hapo ni kwenye duka la fotokopi, mkabala na lango la chuo kikuu, msimu wa mitihani, siku ambayo hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Wanafunzi wamebanana kaunta nzima, feni inazungusha joto lile lile, wino unanuka, na kila mtu anaapa kwamba yeye ndiye aliyewahi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mhadhiri wa kitivo cha elimu, mwanamke anayeikaribia arobaini, gauni la kijani kibichi limemkaa sawasawa, miwani kaipandisha kichwani, anasubiri muswada wa kitabu chake utoke. Wanafunzi walimwita Dokta. Dada yake mkubwa alimwita Mkaidi, na dada ndiye aliyemjua vizuri zaidi.

Mbele yake palikuwa na mwanamume mrefu, shati la samawati, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, vumbi la chaki limemtapakaa kwenye mfuko wa suruali. Alikuwa amelazimisha karatasi nzito za mtihani zipite, mashine ikazitafuna, ikanyamaza. Sasa mwenye duka anatokwa jasho kuifungua, na huyu bwana, badala ya kuomba radhi, ameokota ukurasa wa mtu na anausoma kwa sauti.

"'Katika kila darasa wako watoto wa nyuma, ambao mikono yao haiinuki kamwe.' Kamwe! Nani kaandika haya?"

"Mimi," Dokta akasema. "Na huo ukurasa ni wangu. Lete hapa."

Akageuka. Alikuwa na uso wa mtu anayecheka upesi, lakini alipomwona mwenye ukurasa alisahau kucheka kwa muda.

"Samahani, dada. Nauliza tu: haya umeyatoa darasani au kichwani?"

"Nimefundisha shule ya msingi miaka kibao kabla sijakanyaga chuo hiki. Na wewe tabia ya kusoma vitu vya watu umeitoa wapi?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Yeye wala hakutahayari. "Mimi ni ticha wa darasa la nne, mama. Kusoma vya watu ndiyo kazi yangu. Sasa nakwambia, kwangu hakuna mtoto wa nyuma. Nikiuliza swali, mikono yote juu."

"Yote?"

"Yote."

"Basi unauliza maswali ya kitoto, au wewe ni mwongo."

"Njoo uone. Ukinikuta mwongo, kahawa juu yangu mpaka uchoke kunywa."

"Nikija sitakaa saa moja niondoke kama wakaguzi. Nitakaa muhula mzima."

"Ndiyo raha yenyewe," akasema Ticha, akamrudishia ukurasa wake ukiwa na alama za vidole vyeupe.

*

Dokta si mtu wa kuchokozwa akanyamaza. Aliomba vibali vyote, mwalimu mkuu akakubali, na muhula ulipofunguliwa alikuwa ameketi dawati la nyuma kabisa, magoti yanakaribia kidevu, kalamu mkononi. Ndivyo alivyofanya utafiti wake maisha yake yote. Wenzake walituma maswali yajazwe, wakapiga hesabu ofisini kwenye kiyoyozi. Yeye alisema huwezi kumjua mtoto wa nyuma ukiwa umesimama mbele.

Kumbe Ticha hakusema uongo. Aliuliza, "Robo ya ishirini ni ngapi?" na mikono ikapaa darasa zima, hata ya wale waliokuwa wanachora magari kwenye madaftari. Alimchagua mmoja, akajibu sawa. Kisha, wakati wengine wanaandika, Ticha alikwenda hapa na pale, anachuchumaa kwenye dawati la mtoto huyu, la mtoto yule, ananong'ona nao, anainuka. Darasa lilikuwa na uchangamfu ambao Dokta hakuuona popote tangu aanze kazi.

Haikupita wiki, akakunja uso. Akaanza kuangalia mikono, si idadi yake, bali ni mkono upi.

Alisubiri watoto watoke. Ticha alikuwa anafuta ubao, anaimba kwa mluzi.

"Anayejua anainua wa kulia," Dokta alisema kutoka kule nyuma. "Asiyejua anainua wa kushoto. Na wewe humchagui wa kushoto hata siku moja."

Dasta ikamponyoka. Vumbi jeupe likamrukia kiatuni.

"Nani kakwambia?"

"Nina macho, Ticha. Na mchezo huo naujua, nilipokuwa ninafundisha, walimu wengi waliufanya. Mkaguzi akija, mikono yote juu, anaandika 'darasa bora', anakwenda zake. Kahawa yangu iko wapi?"

"Subiri kwanza." Akaja mpaka nyuma, akavuta dawati, akakaa. Sasa hakuwa anacheka. "Wale wanaufanya siku ya mkaguzi. Mimi naufanya kila siku, hata nikiwa peke yangu na watoto. Wewe ulipokuwa mdogo, uliwahi kukaa mikono chini wakati darasa zima wameinua? Unajua inavyouma?"

Dokta alijua mno.

"Basi kwangu hakuna anayeumia hivyo. Anainua mkono kama wenzake, kichwa juu, hakuna wa kumcheka. Mimi nikiona wa kushoto, najua pa kwenda. Namfuata pale pale alipo, nachuchumaa, namweleza taratibu, hakuna anayesikia. Ni siri ya darasa. Huo ni uongo?"

Mhadhiri aliyezoea kubishana hadi na ukuta alifunga daftari lake, na moyo wake ulifanya kitu ambacho haukuwa umekifanya kwa miaka mingi.

"Si uongo," akasema. "Lakini kuna mmoja anakudanganya wewe."

"Nani?"

"Yule binti wa dirishani. Kila siku anainua wa kushoto, na kila siku daftarini kwake jibu lipo tayari hata kabla hujafika. Anajua vizuri sana. Anataka tu uende ukachuchumae pale."

Ticha akacheka hadi akajishika mbavu. "Mwaka mzima! Mwaka mzima ananipeleka mchakamchaka yule mtoto!"

"Nyie wanaume mnachelewa kuona," Dokta akasema, akajikuta naye anacheka.

Kahawa ile walikunywa. Wakanywa na nyingine. Muhula ulivyosonga, simu ya Dokta ilikuwa haitulii jioni.

"Dokta wangu, umekula?"

"Ninasahihisha kazi za wanafunzi."

"Nimeuliza kula, sijauliza kusahihisha. Wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Haya, nakuja kuchuchumaa."

"Ishia huko huko na chaki zako!" Lakini alikuwa ameshasimama mbele ya kioo, anatafuta hereni.

Siku moja kwenye benchi la bustani, shati la samawati limeegemea bega la kijani, Ticha aliuliza alichokuwa anaogopa kuuliza. "Utaandika habari zangu?"

"Nitaandika darasa lako. Wewe hutakuwemo, wala shule yako. Sisi watafiti tuna kiapo, mpenzi. Mtu akikufungulia mlango wa darasa lake, humtaji. Hata kwa bunduki."

"Wakijua, watasema nawafundisha watoto udanganyifu. Watanitoa darasani. Mimi bila darasa ni nani?"

"Hawatajua kutoka kwangu," akasema, akamshika mkono.

*

Alichokiandika kilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Alionyesha kwamba watoto walioanza muhula na mkono wa kushoto, wengi waliumaliza na wa kulia, bila fimbo, bila kuaibishwa. Kitivo ndicho kingekichapisha kitabu, na jalada la kumpandisha kuwa profesa lilikuwa linasubiri sahihi moja tu, ya Mkuu wa Kitivo.

Huyo mzee kila mtu alimwita Profesa tu, kana kwamba wengine hawapo. Suti nyeusi, sauti laini ya kubembeleza, na huko nyuma ndiye aliyeandika mwongozo unaowaagiza wakaguzi wapime darasa kwa kuhesabu mikono iliyoinuliwa. Jina lake lote lilijengwa juu ya mikono ile. Sasa mtu anakuja kumwambia kwamba mingine ilikuwa ya kushoto! Mwenyewe unaweza kufikiri alivyolala usiku ule.

"Kaa, binti yangu," alimwambia Dokta ofisini. "Jalada lako hili hapa. Nitajie shule, nalitia sahihi sasa hivi."

"Shule haitajwi, Profesa. Unajua kanuni."

"Kanuni ni za utafiti. Huu ni udanganyifu, na mdanganyifu hafichwi."

"Umesoma sura ya mwisho? Umeona watoto wale walipofika?"

"Nimesoma neno 'kushoto', likanitosha. Usipotaja, hakuna kitabu, hakuna uprofesa. Na mimi shule nitaipata tu."

"Basi itafute," Dokta akasema. Akasimama, akanyoosha gauni lake. "Na mimi si binti yako. Baba yangu alikuwa ananisikiliza."

Alitoka, lakini mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na hilo ndilo lililomchoma yule mzee zaidi.

Jioni ya siku chache baadaye simu ililia. Aliichukua anatabasamu.

"Walikuja leo," Ticha alisema. Hakumwita mpenzi, hakumwita Dokta.

"Akina nani?"

"Usijifanye hujui. Wakaguzi. Wamekaa kwenye dawati lako lile lile, hawaangalii ubao wala madaftari, wanaangalia mikono. Kulia, kushoto. Nani mwingine anajua duniani, isipokuwa mimi, watoto na wewe?"

"Nisikilize..."

"Nisikilize wewe! Niliogopa. Nikawaambia watoto, leo asiyejua asiinue. Kwa mara ya kwanza darasani kwangu mikono imekaa chini. Wale wa nyuma wakainamisha vichwa kama zamani. Binti wa dirishani amelia. Nimewaaibisha kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu yako. Umeniuza, mama. Umeniuza kwa cheo."

Maneno Dokta alikuwa nayo, tena mengi: nimekataa, nimeuacha uprofesa mezani, nimemjibu mzee yule ambavyo hajawahi kujibiwa. Angeyasema, mambo yangeisha pale pale. Lakini unamweleza nini mtu ambaye ulimshika mkono ukamwahidi, na bado anakudhania hivyo?

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi malizia peke yako." Akakata.

Alilia mpaka macho yakavimba. Halafu akaosha uso, akaenda kufundisha. Wiki zikapita hivyo, kila mmoja kavimba kwake, simu zimelala meza mbili tofauti.

"Mpigie," dada yake mkubwa alimwambia. "Mweleze."

"Simpigii."

"Mkaidi wewe. Hata ulipokuwa mtoto, ukipigwa kwa kosa la mwingine ulikuwa husemi."

"Na sitasema sasa."

"Haya. Wewe ulikula kiapo, mimi sikula."

*

Mambo ya simu iliyofuata Dokta alikuja kusimuliwa baadaye. Dada mkubwa ni mwanamke wa kuuza vitambaa sokoni, sauti yake haihitaji spika. Alimpigia Ticha wakati wa mapumziko ya shule, hata salamu hakutoa.

"Wewe ndiye ticha? Mimi ni shemeji yako, kama bado una bahati. Nikuulize swali la darasa la nne. Wakaguzi walikwenda shuleni kwenu tu?"

"Sijui, shemeji."

"Hujui kwa sababu hukuuliza! Wanangu wanasoma upande wa pili wa mji, walikwenda. Kwa wateja wangu walikwenda. Wamezunguka mji mzima wanaangalia mikono ya watoto wa watu. Sasa, kama mdogo wangu angekutaja, hao huku kwetu walikuwa wanatafuta nini?"

Ticha alikuwa amesimama uwanjani, watoto wanamzunguka kwa kelele, na hakusikia kelele.

"Umekuwa bubu? Amekataa kukutaja. Uprofesa wameukalia, kitabu wamekizuia, na kesho wanamweka kikaoni mbele ya watu ili wamlazimishe. Na wewe umemwita muuzaji. Inua mkono basi, tuone unajua au hujui."

"Sikujua," Ticha akasema. "Haki ya Mungu, shemeji, mimi mjinga."

"Angalau hilo umelipata."

*

Ukumbi wa kitivo ulifurika. Walikuja wahadhiri, wakaja wanafunzi, na wakaja walimu wa shule wanaosoma shahada za juu jioni, bado wana mifuko ya madaftari mabegani. Dokta alivaa gauni lile la kijani. Alikaa kwenye kiti cha peke yake mbele, mgongo wima, wala hakutazama nyuma.

"Tunatoa nafasi ya mwisho," Profesa alisema kwa ile sauti ya asali. "Taja shule, kitabu kitoke, cheo kipite, sote twende nyumbani."

"Sitaji."

"Unajua unachopoteza?"

"Najua. Nimekifanyia kazi ujana wangu wote." Hapo sauti yake ilitetemeka, akaiachia itetemeke. "Lakini kila mwalimu aliyewahi kunifungulia darasa alinifungulia kwa neno langu. Nikilivunja leo, kesho nitaingia darasa la nani? Cheo kaeni nacho. Na kitabu nitakitoa kwingine, hata kama ni kwa kukibeba mgongoni nyumba kwa nyumba. Sitaji leo, sitaji mwakani, na mkitaka kuniuliza hadi nizeeke, leteni kiti kingine, hiki kigumu."

Kicheko kikapita ukumbini. Profesa akagonga meza, na alipoinua macho akaona mkono umeinuliwa kule nyuma kabisa.

"Wewe bwana, una swali?"

"Sina swali," sauti ikajibu. "Mimi ndiye jibu."

Dokta aligeuka kwa nguvu hadi miwani ikamdondoka kutoka kichwani. Shati la samawati. Chaki mfukoni. Mkono uliokuwa juu ulikuwa wa kushoto.

"Darasa ni langu," Ticha alisema. "Siku ya wakaguzi niliogopa, nikawashusha mikono watoto wangu. Sitawashusha tena. Kama mtu anataka kunifukuza, nipo."

"Wewe kichaa!" Dokta alifoka, mbele za watu wote. "Nimekuficha muda wote huu, nimetukanwa kwa ajili yako, halafu unakuja kujitaja mwenyewe?"

"Sasa nifanyeje, mpenzi? Nimekuja kuchuchumaa!"

Watu walicheka bila kuelewa, lakini yeye alielewa, na machozi yakamtoka pale pale. Karibu na mlango mwalimu mmoja wa makamo, mama mnene mwenye mfuko wa madaftari, aliushusha mfuko sakafuni akainua mkono wake wa kushoto. Akafuata kijana wa safu ya kati. Kisha mwingine, na mwingine. Wapo waliokuwa wameufanya mchezo ule kwa hofu ya wakaguzi tu, si kwa ajili ya mtoto, na hao waliinua huku wametazama chini. Lakini waliinua. Profesa aliangalia mikono ile, mtu aliyeishi kwa kuhesabu mikono, na hakuhesabu. Alikusanya makaratasi yake, akasema kikao kimeahirishwa.

*

Usidhani yule mzee aliongoka. Jalada la Dokta lilishushwa chini ya majalada mengine yote, na liko huko hadi leo. Ticha aliandikiwa onyo kali, akalisoma, akalikunja, akaingia darasani kuuliza maswali. Kumfukuza hawakuthubutu, maana wangeanzia wapi na kuishia wapi? Kitabu kilichukuliwa na mchapishaji mdogo wa mjini, na walimu walikigombea kuliko vitabu vyote vya Profesa vikiwekwa pamoja.

Nakala ya kwanza Dokta aliipeleka mwenyewe darasa la nne, mchana, watoto wameshatoka. Alikwenda moja kwa moja dawati la nyuma, akakaa, magoti kidevuni.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua. Niliyokwambia kwenye simu ile, nikiyakumbuka nataka kujificha chini ya meza. Nisamehe."

"Ungeuliza tu, Ticha. Swali moja tu. Wewe ambaye kazi yako ni kuuliza."

"Basi niulize sasa." Akaenda mbele, akasimama ubaoni, akajipangusa chaki kwenye suruali kama siku ile ya duka la fotokopi. "Darasa, sikilizeni vizuri, swali ni moja na silirudii. Huyu mwanamke mkaidi aliyekaa nyuma, atakubali kuolewa na mimi?"

Darasa lilikuwa tupu. Nje, mtu alikuwa anafagia uwanja.

Dokta aliinua mkono wa kushoto.

Uso wa Ticha ukasawijika. Lakini mwalimu ni mwalimu. Alishuka kutoka mbele, akapita katikati ya madawati, akafika nyuma, akachuchumaa kando yake, akamsogelea ili mtu mwingine asisikie, ingawa hapakuwa na mtu.

"Hujui?" akanong'ona. "Nikueleze taratibu?"

"Najua vizuri sana," Dokta akasema. "Nilitaka tu uje."